Céline Amefundishwa Kujibu

Nyabiondo, 7 Septemba 1964

Andika, Thacienne. Andika kwamba mimi ninaitwa Dorothée, padri njo alinipa hilo jina nikiwa tayari na mvi, na sijui kusoma hata jina langu mwenyewe. Anayeandika ni mukamwana wangu, muke wa mutoto wangu Edmond. Edmond yuko Walikale, anachimba mawe ya kampuni. Atarudi Noeli, akikumbuka.

Leo tumemupeleka Céline, mutoto wao, ku gardiyene, ile shule ya watoto wadogo kule chini misioni. Iko na miaka mitano. Masera Constance, mutawa anayewafundisha, amegawa kaye, daftari moja kwa kila nyumba. Amesema tuwe tunaandika mutoto amejifunza nini na nyumbani anafanya nini. Wamama wengine wamecheka. Mimi nimesema sisi tutaandika, kwa sababu Thacienne alimaliza shule, na kalamu inamukaa mukononi kuliko jembe. Jembe analishika kama kijiko.

(Si kweli. Th.)

Ameandika kitu chake hapo. Nimeuona mukono ukienda wakati mimi nimenyamaza. Nimemuuliza, anacheka tu.

9 Septemba

Amejifunza kunawa mikono na kusimama mustari. Nimemuuliza: mustari wa kwenda wapi? Amejibu: "Wa kwenda mulangoni, Koko." Na mulangoni wanafanya nini? "Tunarudi."

15 Septemba

Mvua asubuhi. Halafu jioni huyu mutoto amenifanya nilie, na sitaficha.

Amesimama katikati ya nyumba, mikono nyuma, tumbo mbele kama shefu wa vijiji vyote. Amesema kwa sauti: "Jina langu ni Céline. Baba yangu anaitwa Edmond. Mama yangu anaitwa Thacienne. Kwetu ni Nyabiondo. Mimi ni mutoto wa Mungu." Halafu akainama kidogo kama muntu wa mashairi. Mimi kwa umri wake, muntu nisiyemujua akiniuliza jina, nilikuwa ninakimbilia ndani ya mahindi.

Masera amewaambia: muntu mukubwa akikuuliza, usiangalie chini, usitafune kidole, jibu yote na jibu kweli. Mutoto anayejua kujibu, hata akipotea sokoni atarudishwa kwao. Huyo Masera ni mutoto tu aliyevaa nguo nyeupe, ametoka Bukavu, hata maziwa ya mama yake hayajamukauka mudomoni. Lakini hapo amesema vema.

Sasa Céline anataka na majina ya makoko, babu zake. La upande wa mama yake ni rahisi: Sebarenzi, muzee wa ng'ombe, ng'ambo ya kijito chetu. La upande wetu amemuuliza Thacienne: "Mama, baba ya papa aliitwa nani?" Thacienne hakulitaja. Kwao, wale wanaosema Kinyarwanda, mukamwana hataji jina la baba-mukwe wake hata siku moja. Mume wangu alikufa kabla ya dipanda, ule uhuru wetu, huyu hakumuona hata kivuli, na bado jina lake halimupiti mudomoni. Kwetu sisi tunaosema Kihunde, jina la muzee ninalitaja ninavyotaka, ninaliita hata shambani nikiwa peke yangu. Nimemutajia Céline mimi mwenyewe. Halafu nikamwambia Thacienne: na hapa kwenye kaye uliandike.

Mume wangu aliitwa ........

Céline anasema mama yake ameweka vitone. Muntu mukubwa vile, aliyekuwa anabeba mukungu wa ndizi kwa bega moja, leo amekuwa vitone.

22 Septemba

Maharage yametoka. Thacienne amelima kutoka asubuhi bila kusimama. Nimemwambia hakuna aliyemutuma kujiua.

4 Oktoba, yenga

Baada ya misa watu hawakuchanganyika. Wasemao Kinyarwanda walisimama upande wa bomba la maji, sisi upande wa kengele. Hakuna aliyetoa amri. Miaka yote, misa ikiisha, tulikuwa tunapitishiana kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, mpaka padri anatufukuza. Tangu mwaka jana kuna haya maneno ya nani ni mwenye udongo na nani ni mugeni. Sebarenzi alifika hapa wazungu wangali wanapima barabara kwa kamba, na vijana wasiojua hata kamba hiyo ilipita wapi njo wanamuita mugeni.

Thacienne alisimama katikati, na Céline mukononi. Hakwenda kwa baba yake, hakuja kwangu. Nilimuita kwa nguvu: "We, njoo hapa, mvua inakuja!" Mvua haikuwa inakuja.

13 Oktoba

Amejifunza kuhesabu maharage mpaka kumi. Na wimbo wa kipepeo. Mvua.

14 Oktoba

Mvua.

29 Oktoba

Masera huwatembeza watoto wawili wawili, mukono kwa mukono, mpaka kanisani na kurudi. Mwenzake Céline alikuwa Théogène, mutoto wa upande ule. Sasa haji tena. Nimemuuliza Céline: unatembea na nani? "Na Masera." Na wengine? "Wengine wale nao wanatembea na Masera, Koko. Masera hana mikono ya kutosha."

3 Novemba

Rosalie, jirani wetu wa chini, hakutuma mutoto kuomba moto leo. Wala jana. Tangu aolewe hapa, kila asubuhi mutoto wake anakuja na kigae, ninamuwekea makaa, anapuliza akienda. Nimeshuka kumuuliza kama amekasirika. Amesema: "Hapana, Mama Dorothée, tumenunua kibiriti." Alikuwa anaangalia mulango wangu, kule Thacienne alikokuwa anapepeta.

10 Novemba

Mvua ya mawe, majani ya maharage yametobolewa.

Nimeshuka mimi kumuchukua Céline, nikakuta watoto wa gardiyene wanacheza. Wawili wameshika mwanzi, mumoja huku, mumoja kule. Wengine wanapita mumoja mumoja. Wenye mwanzi wanasema: "Simama! Sema 'maharage' kwa Kihunde." Akisema, mwanzi unapanda. Akishindwa, anakwenda kukaa chini ya muti, na kukaa chini ya muti njo kufa. Walikuwa wanacheka, na wale wafu walikuwa wanacheka kuliko wote.

Nimemuuliza Masera kama yeye njo amewafundisha huo muchezo. "Mama, mimi niliwafundisha kipepeo," amesema.

Céline alipita. Anajua 'maharage' kwa Kihunde, kwa Kinyarwanda, kwa Swahili, na sasa kwa Kifaransa.

17 Novemba

Kaa vizuri, Thacienne, leo maneno ni mengi. Kama unataka kulia, lia ukiandika.

Juzi Céline alikuwa njiani kurudi kutoka misa, mbele yangu kidogo, kwa sababu magoti yangu yanakataa huu mulima. Nikaona muntu amemusimamisha. Mwanaume aliyevaa koti ya mvua ya kijeshi, simujui, si wa hapa. Alikuwa amechuchumaa kwa upole, kofia mukononi. Nikasikia sauti ya mutoto wangu, ile ile ya katikati ya nyumba: "Jina langu ni Céline. Baba yangu anaitwa Edmond. Mama yangu anaitwa Thacienne. Koko yangu wa upande wa mama ni Sebarenzi, iko na ng'ombe nyingi, nyumba yake ni ile ya muti mukubwa, ng'ambo ya kijito." Hakuangalia chini. Hakutafuna kidole. Yule mwanaume akamupiga bega polepole, akaniambia: "Mama, mutoto wenu amefundishwa vema." Nami nikasema asante. Nilisema asante! Nilijisikia muntu mukubwa.

Jana Sebarenzi alikuja kwetu jua likiwa bado halijapasua ukungu. Hakukaa. Ng'ombe zote zimechukuliwa, zizi limechomwa, na mulinzi wake Munyakazi amevunjwa mukono. Alisema walikuja moja kwa moja, hawakuuliza njia kwa muntu. Walisema: "Ni hapa, kwenye muti."

Céline alikuwa amekaa mulangoni, anasikia. Akauliza: "Ni yule papa wa koti?"

Sebarenzi alimubeba, akamunusa kichwa kama wanavyofanya wazee, akamuweka chini. Amekwenda Kitshanga, kule watu wake wanakokusanyika. Alimwambia Thacienne: "Twende." Thacienne alisema: "Mimi ni muke wa Edmond. Nitaondoka hapa Edmond akiniambia." Sebarenzi akanigeukia. Hatukuwahi kupendana sana, mimi na yule muzee, alikuwa ananiona muntu wa makelele, na mimi nilimuona muntu wa ng'ombe. Alisema: "Basi ninamuacha kwako." Nikasema: "Ulimuacha kwangu siku ya ndoa."

Nimemuuliza sasa Thacienne kama ameandika yote. Amesema ndiyo. Futa ile ya mwanzo, ya jembe na kijiko.

(Sifuti. Inanichekesha. Th.)

20 Novemba

Nimekwenda kwa Masera. Sikusubiri watoto watoke.

Nimemwambia: "Umemufungua mutoto wangu kama mulango wa kanisa. Kila anayepita anaingia."

Amesema: "Mama Dorothée, nilifundisha wasipotee."

"Na sasa wamejulikana. Fundisha kunyamaza."

Amesema hawezi kufundisha mutoto wa miaka mitano kwamba Mungu anapenda kweli siku ya kwanza na uongo siku ya pili. Nikamwambia Mungu hana ng'ombe za kuchomewa zizi. Hapo nilivuka mupaka, ninajua. Marcellin, katekista wetu, alikuwa anafagia mulangoni, akasimama na fagio. Masera hakukasirika. Alisema polepole: "Mimi mwenyewe ninaogopa, Mama. Kila asubuhi ninaita majina, na siku hizi ninaita kwa sauti ndogo." Nimerudi nikiwa na hasira, na hasira haikuwa na pa kukaa.

24 Novemba

Mvua. Amejifunza kukunja karatasi ikawa njiwa. Njiwa imelowa.

30 Novemba

Nimeanza gardiyene yangu mimi. Kila jioni, kabla ya ugali, ninamuuliza kama wale wa njiani wanavyouliza.

"Wewe ni mutoto wa nani?"

"Wa Edmond."

"Mama yako?"

"Mama yangu alikufa."

"Koko yako wa upande wa mama?"

"Sina."

Mwanzo alikuwa anakosea, anamuangalia Thacienne na kucheka, anasema: "Mama yangu alikufa, yuko pale anasonga ugali." Nikamupiga kidogo mukononi. Jioni ya pili hakukosea tena. Nimemwambia: hata mimi nikikuuliza kwa kukubembeleza, hata wakupe mukate, hata mama yako mwenyewe akiwa mbele yako, huyo humujui. Unaelewa? Ameelewa. Ni mutoto wa akili, anashika neno kama gundi.

Thacienne anasonga ugali akigeukia ukuta. Mimi ninafanya hivi ili mutoto asiguswe. Nimemwambia hivyo. Amesema: "Ninajua, mama."

4 Desemba

Faustin, mutoto mukubwa wa Rosalie, amekuja amevaa kitambaa chekundu kichwani na panga kiunoni. Nimemwambia: "Wewe niliyekuona ukikojoa ndani ya maharage yangu, leo unakuja kwangu na panga?"

Amesema: "Koko, nisikilize kidogo tu. Wameweka bariyera, wamefunga njia pale darajani. Si sisi wa hapa, ni vijana wa milima mingine, hawatujui. Wasemao Kinyarwanda wote wanapakiwa kwenye kamio, lile lori kubwa, wanapelekwa upande wa Kitshanga. Lakini muke aliyeolewa kwetu anaachwa apite. Nimesema nao mimi mwenyewe. Wakimuuliza Thacienne, aseme yeye ni muke wa nani. Mutoto naye aseme mama yake ni nani, aache yale ya kila jioni tunayoyasikia kule chini. Basi."

Nimemuuliza: "Mara ya kwanza mutoto alisema, na ng'ombe zikaenda. Leo unataka aseme tena?"

"Koko, hii ni nyingine."

"Kwako kila siku ni nyingine. Toka."

Nilichukua fagio. Alitoka akirudi nyuma nyuma, akisema: "Koko, ninakuomba kwa jina la Mungu, umufundishe vingine." Rosalie kule chini alikuwa amesimama, mikono kichwani.

Thacienne amesema tumubadilishie Céline maneno. Nimekataa. Mutoto si chungu cha kumwaga na kujaza. Wiki nzima nimemufundisha, sitamuvuruga kwa neno la Faustin, ambaye hata nzige ukimwambia ni ndege ataamini. Thacienne amesema: "Vema, mama." Yeye hanibishii. Ningependa siku moja anibishie.

Kuanzia leo yeye hashuki darajani, kwenye njia ya gardiyene. Mimi njo nitamuchukua mutoto.

9 Desemba

Tumeng'oa maharage chini ya mvua. Mengine yameanza kuota ndani ya maganda. Yasipopata jua juma hili, tutakula nini, magome?

Céline anajifunza muchezo wa hori ya Noeli. Yeye atakuwa kondoo.

12 Desemba

Mukono huu si wa Thacienne. Anayeandika ni Masera Constance. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipunguze. Niko nyumbani kwa masera, Céline analala kwenye kiti.

Jana jua lilitoka. Tangu Oktoba hatukuona jua la namna ile, milima yote ilikuwa inatoa mvuke kama sufuria. Nikatandika maharage kwenye mikeka, tukaanza kuyapiga kwa fimbo, mimi na Thacienne, haraka haraka, kwa sababu jua la hapa ni la kuazima. Yeye anapiga polepole. Saa ya kumuchukua mutoto ikafika. Nikatazama mikeka, nikatazama mawingu kule juu ya Walikale, nikamwambia Thacienne: "Wewe unapiga maharage kama unafukuza inzi. Nenda wewe, mimi nimalize hapa."

Alisimama. Alisema: "Darajani, mama?"

Nikasema: "Pita njia ya chini, ya kijito. Hawako kule."

Alikwenda. Hakubisha.

Kwenda alivuka kijito salama, peke yake, maji kiunoni. Kurudi, kijito kilikuwa bado kimejaa mvua ya siku zote zile, na akiwa na mutoto hakuthubutu kuvuka. Akapita darajani. Haya yanayofuata nimeyatoa kwa Céline, na kwa Marcellin aliyeyasikia kwa vijana wale wale, maana alifika kamio ikiwa imeondoka.

Walimusimamisha. Akasema: "Mimi ni muke wa Edmond, wa Nyabiondo." Akasema kwa Kihunde, lakini Kihunde chake kina miguu ya kule kwao. Mukubwa wao akasema: "Vema. Muke wa hapa tunamuacha. Taja jina la baba ya bwana yako, upite."

Masera, umesimamisha kalamu. Endelea.

Neno moja walilomuomba! Bauma. Andika, Masera, sasa kuna anayeweza kuliandika: mume wangu aliitwa Bauma. Angelisema angepita. Na wale vijana walifikiri wamemupa swali la mutoto mudogo. Lakini kwao jina la baba-mukwe halitajwi, na yeye tangu aingie kwangu hakulitaja, wala kwa kuandika, wala mimi nikimuamuru. Marcellin anasema alifungua mudomo. Akafunga. Akasema: "Ninalijua, siwezi kulitaja." Wakacheka. Wakasema: "Hajui."

Ndipo akasema: "Muulizeni mutoto. Mutoto analijua."

Mukubwa wao akachuchumaa. Lakini hakumuuliza jina la koko. Akamuonyesha Thacienne, akamuuliza Céline: "Huyu ni mama yako?"

Na Céline, mikono nyuma, akasema: "Hapana. Mama yangu alikufa."

Akamuuliza tena. "Simujui huyu."

Thacienne hakupiga kelele. Hakusema, 'Céline, sema kweli.' Kwa nini hakusema? Nimejiuliza usiku mzima. Marcellin anafikiri aliogopa wakijua ni wake, watamupakia na mutoto pia. Mimi ninafikiri alisikia sauti yangu ndani ya ile ya mutoto, na kwangu alikuwa hanibishii. Walimupandisha. Mutoto wakamuacha pembeni ya daraja, na mumoja wao akampa ndizi.

Niliposikia kwa Marcellin niliacha mikeka wazi, nikashuka. Magoti hayakuuma. Nilimukuta Céline ameketi na ndizi haijamenywa. Nikamushika yule mukubwa koti. Nikamwambia: "Yule ni mukamwana wangu! Muke wa Edmond wa Bauma!"

Alinitazama, hakuwa muntu wa hasira, ni kijana tu, macho mekundu. "Mama, mutoto mwenyewe alisema mama yake alikufa. Mutoto wa gardiyene hasemi uongo."

"Mimi njo nilimufundisha aseme hivyo."

"Basi ungemufundisha vingine."

"Kamio imekwenda wapi?"

"Kwao."

"Kwao wapi? Alizaliwa pale kijitoni, unapaona kutoka hapa!"

Aligeuka kuangalia njia. Faustin alikuwa kule nyuma, alipoona ni mimi alivua kitambaa chake chekundu na kukiweka mufukoni.

Céline alinishika kitenge. Akaniuliza: "Koko, nilijibu vizuri? Sikuangalia chini."

Nilimwambia ulijibu vizuri. Ningemwambia nini?

Mvua ilianguka tukiwa tungali njiani.

13 Desemba, yenga

Sikwenda misa. Masera amekuja mwenyewe, amepanda mulima wote na viatu vya kanisa. Rosalie naye amekuja, amebeba kigae, ameniomba moto. Nimemuwekea.

14 Desemba

Nimemuuliza Céline polepole, tukimenya maharage: "Mama yako anaitwa nani?" Amenitazama kama ninamutega. Amesema: "Alikufa." Nimemwambia sasa ni mimi, Koko, sasa unaweza kusema. Amesema: "Ulisema hata ukinibembeleza."

Masera naye amemuuliza. Marcellin amemuuliza. Rosalie amemupa mukate wa sukari. Hasemi. Anashika neno kama gundi.

16 Desemba

Masera, hii ya mwisho iwe fupi, ninataka kuondoka kabla watu hawajaamka kunishauri.

Kuna muntu anayeuza chumvi, Mbonigaba, ametoka Kitshanga. Anasema wale wa kamio walishushwa pale, wamelala kwenye hangari la soko, wanawake wengi. Yeye hamujui Thacienne kwa uso. Nimemueleza: murefu, anatembea kama anayebeba maziwa kichwani, ana wino kwenye kidole. Amesema: "Wanawake wote kule wana matope, Mama, sikuangalia vidole."

Maharage nimemuachia Rosalie. Nusu yameoza, ale yaliyobaki. Edmond akirudi Noeli, mumwambie nimemufuata muke wake, na yeye atufuate, aache mawe ya kampuni.

Marcellin amejaribu kunizuia. Anasema kupita Mweso, kwenye njia ya Kitshanga, kuna bariyera nyingine, si za hawa wetu, ni za wale. Kule hawamutafuti muntu wa Kinyarwanda. Wanamutafuta muntu wa Kihunde. Wana mapanga yale yale. Amesema: "Mama Dorothée, kule wewe njo hutapita." Nimemujibu kwamba Thacienne hakupita hapa, na bado alikuwa muke wa hapa.

Masera amependekeza Céline abaki gardiyene. Nimekataa. Mama yake akimuona muntu wa kwanza, awe huyu.

Nilikuwa ninamufunga Céline kitambaa shingoni. Tangu siku ile hakuwa ameniuliza kitu. Ameuliza: "Koko, kwenye bariyera ya kule, wakiniuliza wewe ni nani, niseme nini?"

Masera aliinamisha kichwa juu ya kaye. Marcellin alitoka nje.

Neno lilikuwa pale, jepesi, limeiva. Aseme hanijui. Aseme ni bibi kizee tu tuliyekutana njiani, na yeye ni mutoto wa Thacienne wa Sebarenzi. Angelishika mara moja, na angepita.

Nimemwambia: "Sema mimi ni mama ya baba yako. Sema ninaitwa Dorothée, muke wa Bauma, wa Nyabiondo. Sema kwa nguvu, na unishike mukono ukisema."

Ameuliza: "Na mama?"

"Na mama yako sema."

Amefikiri. Hajasema bado. Lakini amenishika mukono, na mvua imeacha kidogo, tunakwenda.